Baraka ni mji wa watu gani? Neno juu ya kolone ya "kabila" katika regista yetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya memba katika mkutano mkuu wa chama. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale wenye hawakuweza kufika.



Kamati ilituomba sisi wenye tunafanya kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mashirika, tuseme kidogo mbele yenu juu ya jambo moja. Chama kinataka kufungua regista mpya. Kwenye karatasi ya kwanza kuliwekwa kolone ya jina, ya mwaka wa kuzaliwa, ya kambi uliyotoka, ya watoto, na kolone moja ya "kabila". Munajua namna ubishi ulivyokuwa mkali. Wengine walisema: iandikwe, ili tujulikane. Wengine walisema: ikiandikwa, sisi tunatoka katika chama. Leo mutapiga kura. Hatukuja kuwapigia kura. Tumekuja kuweka mezani mambo yenye tunayaona kila siku kazini, ili kila mtu akate shauri akiwa anajua.

Tuanze na swali lenyewe. Baraka ni mji wa watu gani?

Mtu akituuliza hivyo, jibu la haraka ni: ni mji wa Babembe. Jibu hilo si uongo. Tuko katika teritware ya Fizi, na katika Fizi Babembe ndio wengi, na machifu wengi ni wao. Lakini tembea sokoni siku moja tu, ukitegea masikio. Utasikia Kibembe, ndiyo. Utasikia pia Babwari wenye wamevuka kutoka Ubwari na ndagala zao. Utasikia Bazoba, watu wa ziwa tangu zamani. Kuko Babuyu na Babangubangu waliotoka upande wa kusini na wa Kabambare. Kuko Bafuliiru na Bavira walioshuka kutoka Uvira kwa biashara. Kuko Bashi na Barega, wengi wao walipitia kwanza Misisi kutafuta dhahabu, kisha wakafungua duka huku. Kuko Banyindu. Kuko Batwa, wenye watu wengi wanawapita bila kuwaona. Kuko Banyamulenge wenye wanashuka kutoka milima ya juu wakati njia inafunguka. Kuko Warundi waliooa huku. Kuko familia za Waislamu zinazojiita Waswahili ao Wangwana, wenye babu zao walikuja na misafara. Na kuko Wazungu wachache wa mashirika, wenye wanakaa miezi sita na kwenda, na watoto wanaowakimbilia njiani wanajua kabisa kwamba hao hawahesabiwi.

Ukiuliza ni nani kati ya hawa alikuwa hapa wa kwanza, unaingia mahali pagumu. Wazee wa lubunga wenyewe wanajua kwamba Babembe ni ndugu wa karibu wa Barega, na kwamba walifika huku kwa mwendo wa vizazi vingi kutoka magharibi. Walikuta watu. Wengine waliwasukuma, wengine waliwaoa, wengine waliwaingiza katika koo zao. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Ubelgiji aliyefanya utafiti katika nchi yetu miaka ya 1950, aliandika sana juu ya jambo hilo: kati ya wale wanaoitwa Babembe leo, kuko koo, kama Basikasingo, zenye asili yake iko kwa watu waliotangulia. Maana yake ni nini? Ni kwamba "Mubembe" halikuwa jina la damu moja tangu mwanzo. Lilikuwa nyumba yenye mlango, na watu waliingia.

Kisha wakaja watu wa ziwa na wa misafara. Katika karne ya 19, mitumbwi ilitoka Ujiji ikivuka mpaka ng'ambo hii kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Burton na Speke walifika kwenye ziwa mwaka wa 1858, na ghuba yetu ingali inaitwa kwa jina la Burton kwenye ramani. Mapadri Weupe walifika Mulweba, kwa Masanze, mwaka wa 1880, na mwaka wa 1883 wakajenga Kibanga, si mbali na hapa. Walikuta watu waliotoka pande nyingi, wengine wakikimbia biashara ya watumwa, wengine wakiwa wamekombolewa. Ni wakati huo Kiswahili kilishika mizizi kwenye pwani yetu. Na watu walivuka pia upande mwingine. Nendeni Ujiji: mutakuta Wamanyema, Wagoma, Wabwari, Wabembe, wenye babu zao walitoka ng'ambo hii, na leo ni Watanzania kamili. Hakuna mtu anayewaambia warudi kwao.

Serikali ya kikoloni ndiyo iliyopenda sana kuhesabu watu kwa mafungu. Wazungu walihesabiwa kando, na wenyeji kando. Wenyeji nao waliwekwa kila mmoja katika kabila lake na sheferi yake, na karatasi yake ikafungwa na mahali pale. Tangu mwaka wa 1931 kulikuwa pia na miji iliyoitwa "centre extra-coutumier", yaani mahali pa watu walio nje ya sheferi za asili. Katika fikra ya Wabelgiji, mtu wa kweli alikuwa yule wa kijijini kwake, na yule wa mjini alikuwa mtu wa kuazima. Fikra hiyo haikuondoka na Wabelgiji mwaka wa 1960. Tukimwambia jirani aliyekaa nasi miaka 30, "wewe huku umekuja tu", tunasema kwa kinywa chetu maneno ya administrateri wa zamani.

Sasa, ni wangapi? Hapo tuseme wazi. Nchi yetu ilihesabu watu wake wote mara moja tu tangu uhuru, mwaka wa 1984. Wakati huo Kongo nzima ilikuwa na watu milioni 30 na kidogo. Tangu hapo hakuna hesabu nyingine kamili. Sisi wenye tumekaa hapa, wengi wetu hatukuwa hata tumezaliwa. Katikati kulipita vita ya 1996, vita ya 1998, miaka ya Lugufu na Nyarugusu, kurudi kwetu, na wimbi lingine la kukimbia na kurudi. Namba tunazozisikia zinatoka kwa mashefu wa avenyu na wa kartiye, wanaoandika nyumba zao, na kutoka kwa mashirika, yanayohesabu wale wanaotaka kuwasaidia. Ni kazi yenye faida. Lakini mtu akisimama mbele yenu akasema "sisi tuko asilimia 70, wale wako asilimia 5", mwulizeni kwa upole: ulihesabu lini, na ulipita kwa nani?

Tena, hata tukihesabu vizuri, hesabu ya kabila inategemea swali. Tuseme avenyu moja yenye nyumba 10. Ni mfano tu, lakini kila mmoja wenu ataona avenyu yake ndani.

Tunauliza kwanza: baba wa nyumba ni wa kabila gani? Tunapata Babembe 6, Mufuliiru 1, Mubwari 1, Mushi 1, Mubangubangu 1. Tunaandika: Babembe sita juu ya kumi.

Tunarudi nyumba zilezile na kuuliza: mama ni wa kabila gani? Tunapata Babembe 4, Babwari 3, Muzoba 1, Mufuliiru 1, Murega 1. Hapa Babembe si nusu tena. Babwari, wenye walikuwa nyumba moja, sasa ni tatu. Na kumbe kuko Muzoba na Murega, wenye katika hesabu ya kwanza hawakuwa popote.

Tunauliza mara ya tatu: ni nyumba ngapi zenye baba na mama wa kabila moja? Tatu: mbili za Babembe, moja ya Babwari. Saba zimechanganyika. Basi kabila kubwa la avenyu hiyo ni lile lenye halina jina: ni watoto wa mchanganyiko.

Tunauliza mara ya nne: watoto wanaongea luga gani kati yao? Nyumba zote kumi zinajibu Kiswahili.

Nyumba ni zilezile na watu ni walewale. Ni swali tu lilibadilika. Lakini mtu anayetaka viti sita vya kamati juu ya kumi atachukua jibu la kwanza, ataficha mengine matatu, na ataliita "ukweli wa nchi".

Kuna mambo mengine yenye tunayaona tukiwa na kalamu mkononi. Desturi yetu inampa mtoto kabila la baba. Hiyo ni desturi, na hatuko hapa kuivunja. Lakini tukiiweka kwenye regista, mama anapotea. Mjane Mubwari aliyeolewa kwa Babembe, mumewe akafia kambini, tutamwandika nini? Wakwe watasema si wetu tena, ndugu zake watasema tulishamwozesha. Na ndiye huyo mwenye anahitaji chama kuliko wote. Tunaona pia watu wa makabila madogo wakijibu jina la kabila kubwa, si kwa uongo, ila kwa sababu walijifunza kwamba jina dogo halipewi kitu. Na tunaona kinyume chake: siku kunasikika kwamba mradi umekuja kwa ajili ya fungu fulani, fungu hilo linaongezeka asubuhi ileile.

Wandugu, tusijifiche pia nyuma ya mipaka ya makabila, maana mpaka mwingine umepita katikati ya kila kabila. Kuko waliobaki na kuko waliokimbia. Tulipoanza kurudi kwa meli kutoka Kigoma, kuanzia mwisho wa 2005, tuliitwa "rapatriye", na jina hilo halijatutoka. Watoto wetu walichekwa shuleni juu ya Kiswahili chao cha Tanzania. Sisi nasi tuliwaita waliobaki majina mabaya, tukisema walikula mashamba yetu. Katika kesi za parseli zenye tumezisikiliza, nyingi hazikuwa kati ya Mubembe na Mufuliiru, wala kati ya huyu na yule wa mlimani. Zilikuwa kati ya mtu na mtoto wa baba yake mdogo. Kolone ya "kabila" ingesema nini pale? Ingeandika Mubembe na Mubembe, na mtu angelala nje.

Kambini tuliitwa nani? Askari wa Tanzania hakutuuliza kama ni Mubwari ao Mubembe. Tulikuwa Wakongomani, karte moja, foleni moja ya unga. Hatusemi kambi ilikuwa paradiso, munajua wenyewe. Kule pia kulikuwa na vikundi, na minong'ono, na watu waliopigwa juu ya asili yao. Lakini chama hiki kilizaliwa katika foleni ile. Tulizikana bila kuuliza kabila la marehemu.

Sasa tufike kwa hoja za wale wanaotaka kolone, maana si watu wabaya na hoja zao zina uzito.

Hoja ya kwanza ni ya wazee: tusipojua nani ni nani, ardhi yetu itachukuliwa. Woga huo una sababu. Damu ilimwagika huku. Tunawakumbuka wafu wa Makobola, mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Tunawakumbuka pia wafu wa Gatumba, Agosti 2004, wenye walikuwa wakimbizi kama sisi. Anayelia upande mmoja tu hajamaliza kulia. Lakini kuhusu ardhi, sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, na sisi tunapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inalindwa na karatasi, na mashahidi, na mipaka yenye majirani wanaijua. Aliyeweka neno "Mubembe" kwenye regista ya chama hajalinda hata mita moja ya parseli yake. Aliyepima, akaita majirani wanne, akaweka sahihi mbele ya shefu wa kartiye, huyo amejilinda. Nguvu yetu tuiweke pale.

Hoja ya pili: sheria yenyewe inaongea juu ya makabila. Ni kweli. Katiba ya 2006 inataja makundi ya asili inapoeleza nani ni Mkongomani. Lakini katiba hiyohiyo, kwenye artikle 13, inakataza mtu kunyimwa haki juu ya rangi, kabila, luga, na hata juu ya mahali anapokaa. Artikle 30 inampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea, kukaa anapotaka, kuondoka na kurudi. Artikle 51 inaipa Leta kazi ya kulinda makundi madogo na kuyafanya yote yakae kwa amani. Na kuna sheria ya zamani zaidi, ya 7 Juni 1966, yenye inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Chama kidogo kama chetu hakiko juu ya sheria hizo. Siku lisiti yetu ikitumiwa kumnyima mtu, swali litakuja kwetu tuliyoiandika.

Hoja ya tatu ndiyo ya nguvu kuliko zote, nayo ililetwa na kijana mmoja wa chama. Alisema: mukifuta kabila, wakubwa watakula peke yao na hakuna atakayeona. Kamati itajaa watu wa ukoo mmoja, na mukiuliza mutaambiwa "sisi wote ni wamoja". Amesema kweli. Mtu mwenye nguvu ndiye anayependa sana kusema kwamba makabila hayako. Muangalie Batwa: si kwa sababu ya kolone wanakosa viti, ni kwa sababu hakuna aliyewaita. Ndiyo maana nchi ilipitisha sheria maalum kwa ajili yao, Julai 2022. Kutoona si sawa na kutobagua.

Basi tunafanya nini? Kazi yetu imetufundisha kutenganisha mambo mawili. Kuko swali la "nani apewe", na kuko swali la "nani ameachwa". Kwa swali la kwanza, kabila halina kazi. Mjane ni mjane. Mtoto asiye na wazazi ni yatima. Nyumba iliyobebwa na maji ilibebwa na maji. Kwa swali la pili, tunahitaji kufungua macho, lakini hatuhitaji kumbandika kila mtu jina lake kwenye karatasi yenye inaweza kuibwa. Munajua hali ya nchi yetu. Lisiti yenye majina na makabila, ikiangukia mikono ya watu wenye silaha, si lisiti ya msaada tena.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo manne, na ninyi mutaamua.

La kwanza: kolone ya "kabila" iondolewe katika regista ya watu. Mahali pake kuwekwe luga ambayo mtu anaielewa vizuri, maana hiyo ina kazi. Bibi asiyejua Kiswahili anahitaji mtu wa kumtafsiria kwenye mkutano.

La pili: jina la mama wa nyumba liandikwe kwa jina lake mwenyewe, si "muke wa fulani". Akiwa mjane kesho, asitafutwe tena.

La tatu: kila mwaka, kabla ya kuchagua kamati, mkutano mkuu ukae na kujiuliza kwa sauti: ni kartiye gani haina mtu hapa? Ni akina nani hatujawahi kuwaona wakikopa katika kasha? Batwa wako wapi? Waliobaki tuliwaalika? Hayo yasemwe mbele ya wote, na jibu liwe kazi ya kamati mpya, si namba ya kuweka kwenye faili.

La nne: kesi ya parseli ikija, tuandike mipaka, majirani na mashahidi. Mtu akianza na "yule si wa huku", mwenyekiti amrudishe kwenye mipaka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya tatu mwulize kabila. Jembe ndilo lilijenga mji huu, pamoja na wavu na mtumbwi, mikononi mwa watu wenye majina mengi.

Maswali yako wazi sasa, na wale wenye hawakubaliani nasi waanze. Kisha kura.